Gemu za Mbio Zenye Asili ya Japani: Gari Moja Dhidi ya Magari Mia Tano

Gemu za mbio za magari zenye ulimwengu huria, yaani zile zinazomwachia mchezaji ramani nzima azunguke atakako, zimekuwa zikiikopa Japani kwa zaidi ya miaka 20. Need for Speed Underground 2 ya mwaka 2004 ilichukua magari ya Nissan, Mazda na Honda yaliyofanyiwa marekebisho ikayaweka katika mji wa kubuni wenye sura ya Marekani. Midnight Club II, iliyotoka mwaka 2003, ilikuwa imeifanya Tokyo kuwa mmoja wa miji yake mitatu. Forza Horizon, msururu mkubwa kuliko yote katika kundi hili, ulianzia Colorado mwaka 2012, ukapita kusini mwa Ulaya, Australia na Uingereza, ukafika Mexico mwaka 2021. Ndipo Septemba 2025, kwenye maonyesho ya Tokyo Game Show, ikatangazwa kwamba toleo la sita litakuwa Japani. Mwezi huohuo kampuni ya Genki ya Tokyo ilitoa toleo kamili la Tokyo Xtreme Racer, jina lililokuwa limelala kwa miaka mingi. Miezi minne kabla yake, studio ya Gaming Factory ya Poland ilikuwa imeingia sokoni na JDM: Japanese Drift Master, gemu inayofanyika katika mkoa wa kubuni wa Kijapani na kusimulia hadithi yake kwa kurasa za manga.

Soko basi lipo, na wauzaji wameongezeka kwa mpigo. Ugumu wa biashara yenyewe uko mahali pengine. Gemu za aina hii huuzwa kwa wingi wa magari: Forza Horizon 5 ilianza na magari zaidi ya 500, na mengine yakaja baadaye katika vifurushi vya kulipia. Utamaduni wa magari wa Japani umesimama juu ya kinyume chake, yaani mtu mmoja, gari moja, na miaka ya kulitengeneza. Studio inayotaka kuuza utamaduni huo inapaswa kwanza kuamua itafanya nini na mgongano huu, maana karibu kila uamuzi mwingine unatoka hapo.

Chanzo cha mapenzi haya ya gari moja ni sheria pamoja na pochi. Mkazi wa Tokyo hasajili gari la kawaida mpaka apate hati ya polisi kwamba ana mahali pa kuliegesha, ndani ya kilomita 2 kutoka anapoishi. Kisha huja ukaguzi uitwao shaken: wa kwanza miaka 3 baada ya gari kununuliwa jipya, halafu kila baada ya miaka 2, ukiambatana na kodi ya uzito na bima ya lazima. Gari la petroli likipita miaka 13, kodi yake hupanda. Gharama hizi zote ni sababu mojawapo ya Wajapani wengi kuachana na magari ambayo bado ni mazima, na ndizo zinazolisha meli zinazoshusha magari Mombasa na Dar es Salaam. Anayeng'ang'ania Nissan Silvia au Skyline ya miaka ya 1990 analipia uamuzi huo mwaka hadi mwaka. Gemu inayomzawadia mchezaji gari jipya kila baada ya dakika chache haiwezi kumfanya ahisi uzito huo, hata michoro yake iwe mizuri namna gani.

Kuna kanuni nyingine iliyolijenga gari la Kijapani la mbio. Kuanzia mwaka 1989 watengenezaji walikubaliana kutotangaza gari lenye nguvu inayozidi farasi 280, na makubaliano hayo yalidumu hadi 2004. Mwendo nao ulifungwa kwenye kilomita 180 kwa saa. Wahandisi hawakuacha kuunda injini imara. Injini ya Skyline GT-R ya mwaka 1989, yenye silinda 6 na tabo mbili, ilitoka kiwandani ikiwa na uwezo mkubwa uliobanwa. Kazi ya kuufungua ikaachwa kwa mafundi. Kampuni kama HKS, iliyoanzishwa mwaka 1973, zilikua kwa kuuza tabo, ekzosi na vifaa vya umeme, na maonyesho ya Tokyo Auto Salon, yaliyoanza mwaka 1983, yakawa soko lao la kila Januari. Gereji kwa hiyo inastahili nafasi kubwa ndani ya gemu kuliko mstari wa kumalizia mbio. Mchezaji anapaswa kuona tofauti kati ya kubadilisha shokomzoba na kuongeza tabo, avumilie gari linalochemka kwa sababu rejeta haikukuzwa pamoja na injini, na ajue kwamba rimu pana hugusa bodi ikiwa hakuna aliyezikunja kingo za madga.

Vitu vidogo ndivyo vinavyofichua kama studio imefanya kazi yake. Magari mengi ya Kijapani ya kabla ya katikati ya miaka ya 1980 yalikuwa na kengele iliyolia mwendo ulipopita kilomita 100 kwa saa. Sharti hilo lilifutwa mwaka 1986. Toyota AE86, iliyotengenezwa kuanzia 1983 hadi 1987, ndiyo gari ambalo manga ya Initial D, iliyochapishwa kuanzia 1995 hadi 2013, ililitoa kwenye usahaulifu. Ndani ya hadithi hiyo kijana anayepeleka tofu hotelini kabla ya alfajiri huwekewa kikombe cha maji ndani ya gari na kutakiwa asiyamwage, na kutoka hapo hujifunza kuhamisha uzito wa gari katika kona. Gari lenyewe lina injini ya lita 1.6 tu. Wapenzi wa manga hiyo wanajua kwamba mteremko na mkono wa dereva vinaweza kulipa gari dogo ushindi, na gemu inayolipanga gari hilo daraja la chini kisha kulisahau imekosa kiini cha jambo.

Barabara ndizo mtaji wa pili, na hapa ramani za kawaida za ulimwengu huria hufeli. Barabara za Forza Horizon kwa desturi ni pana, ili magari 12 yaweze kupigana vikumbo bila kukwama. Njia za milimani za Japani, zinazoitwa touge, ni nyembamba, zina mitaro ya zege pembeni na vioo vya mviringo kwenye kona zisizoonekana. Irohazaka ya Nikko ina kona 48 katika njia zake mbili, moja ya kupanda na nyingine ya kushuka. Mbio za huko kwa kawaida huhusisha magari mawili, la mbele na la nyuma, na anayefuata hushinda kwa kutoachwa. Sheria hiyo inatengeneza gemu ya aina nyingine kabisa kuliko msongamano wa magari yanayogombea nafasi ya kwanza.

Barabara za kasi za Shuto jijini Tokyo nazo zina historia inayopaswa kuonekana kwenye usukani. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1962, katika pilikapilika za kujiandaa kwa Olimpiki ya 1964, na kwa kuwa ardhi ya mjini ilikuwa ghali, nguzo nyingi zilisimamishwa juu ya mito, mifereji na mahandaki ya zamani. Maji hayaendi kwa mstari ulionyooka, na barabara iliyoyafuata imepinda vivyo hivyo: kona kali, njia zinazoungana kutoka kulia, njia za chini ya ardhi zinazotokea ghafla. Mduara wa ndani, C1, una urefu wa kilomita zisizofika 15. Upande wa ghuba, njia ya Wangan imenyooka na ni pana, na ndiyo iliyozaa ngano za mwendo mkubwa. Kundi la watu wa kujitolea limeujenga mtandao huu kwa uhalisia mkubwa ndani ya Assetto Corsa, gemu ya Kiitaliano ya mwaka 2014, kwa mradi wa Shutoko Revival Project. Maelfu ya watu huendesha humo usiku mzima bila kombe wala zawadi, na hakuna utafiti wa soko unaoweza kusema wazi kuliko hivyo.

Kwa wachezaji wa Afrika Mashariki jambo moja linakuja lenyewe: usukani wa kulia na kuendesha upande wa kushoto. Subaru Impreza na Mark II ni magari wanayoyajua kwa mlio, na heshima ya magari ya Kijapani hapa ilijengwa zamani na Safari Rally, ambako Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 na 1973, na Joginder Singh akashinda kwa Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na 1976. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, hivyo Skyline ya mwaka 1999 haifiki Mombasa kwa njia ya kawaida. Marekani ni kinyume: huko gari lisilokidhi masharti yao huruhusiwa likishatimiza miaka 25, na kila mwaka unaofungua toleo jipya la GT-R huamsha wanunuzi, wengi wao wakiwa watu waliolijua gari hilo kwanza kupitia gemu ya Gran Turismo ya mwaka 1997.

Utamaduni wa magari wa Japani pia hautembei muda wote. Eneo la mapumziko la Daikoku, Yokohama, limejengwa kwenye kisiwa cha kutengenezwa, katikati ya mizunguko ya barabara za juu, na gari halifiki huko ila kwa kupitia barabara ya kulipia. Watu huja, huegesha, hufungua boneti, hununua kahawa ya kopo kwenye mashine na kuzungumza, mpaka polisi watangaze kwa vipaza sauti kwamba panafungwa. Tokyo Xtreme Racer imelielewa hili kuliko gemu nyingine yoyote. Mbio humo huanza kwa kumwashia mwenzako taa kutoka nyuma. Hakuna mstari wa mwisho, bali kila mmoja ana kipimo cha moyo kinachoshuka kadiri anavyoachwa, na wapinzani, kila mmoja na jina lake la mtaani na maisha yake, hukutwa wakipumzika maegeshoni.

Leseni ndizo zinazokula muda na fedha za studio. Kila gari linahitaji ruhusa ya mtengenezaji wake, na katika utamaduni huu ruhusa haziishii hapo: rimu, viti, bampa pana na stika za gereji vyote vina wenyewe, na vikikosekana gari hubaki kama limetoka dukani. Watengenezaji nao huogopa kuhusishwa na mbio za mitaani zisizo halali. Need for Speed Heat ya mwaka 2019 ilitoka bila gari hata moja la Toyota. Forza Horizon hulikwepa tatizo kwa kuzifanya mbio zake kuwa tamasha lenye waandaaji. Suluhisho hilo ni safi kwa wanasheria, lakini linaondoa usiri wa usiku ambao ndio roho ya Wangan. Studio ndogo hupunguza gharama kwa kuchukua magari machache na kubuni mahali, na kwa gemu inayohusu gari moja, uchache huo si hasara hata kidogo.

Kwamba gari moja linaweza kuingiza fedha, kumbi za michezo za Japani zilishathibitisha. Mashine za Initial D Arcade Stage za Sega na Wangan Midnight Maximum Tune za Namco, zilizoingia mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilikuwa na tundu la kadi. Mchezaji alinunua kadi, kadi ikahifadhi gari lake, na kila sarafu aliyotumbukiza ilimsogeza kidogo kwenye nguvu zaidi au sura mpya. Alirudi wiki kwa wiki kwa sababu gari lilikuwa lake. Mpango wa leo unaofanana na huo ungeuza vipuri, kazi za mafundi mashuhuri na barabara mpya za milimani badala ya kifurushi cha magari 10 ambayo mnunuzi ataendesha mawili.

Mpango huo, hata hivyo, unadai uhai mrefu, na leseni hufa. Forza Horizon 3 iliondolewa madukani Septemba 2020, miaka minne tangu itoke. Forza Horizon 4 ikafuata Desemba 2024. Waliokwisha kununua waliendelea kucheza, ila hakuna mnunuzi mpya. The Crew ya Ubisoft, iliyotaka intaneti wakati wote, ilizimwa seva zake mwishoni mwa Machi 2024 na magari yote yaliyokuwa humo yakapotea, jambo lililozua kampeni ya wachezaji iitwayo Stop Killing Games. Septemba mwaka huo Ubisoft ilitangaza kwamba The Crew 2 na The Crew Motorfest zitapewa njia ya kuchezwa bila mtandao. Studio itakayomwomba mchezaji alilee gari moja kwa miaka itabidi iandike ahadi ya namna hiyo kwenye mikataba yake kabla ya kuuza nakala ya kwanza.