Eksileta Ngumu ya Pikipiki: Tambua Chanzo Kabla ya Kulipia Matengenezo

Eksileta ya pikipiki ni kishikio cha mkono wa kulia ambacho dereva hukizungusha ili kuongeza mwendo. Katika pikipiki nyingi zenye kabureta, kishikio hicho huvuta waya mwembamba wa chuma unaopita ndani ya ala yake hadi kwenye kabureta, ambako huinua pistoni ndogo na kuruhusu hewa na mafuta zaidi kuingia katika injini. Dereva anapoachia, springi huirudisha pistoni chini na kasi hupungua. Eksileta ngumu humchosha dereva. Eksileta isiyorudi yenyewe huweza kuiacha injini ikivuma wakati dereva anataka kusimama. Pikipiki ya namna hiyo haifai kuendeshwa wala kupakia abiria mpaka itengenezwe.

Aghalabu kasoro hii hutokana na mojawapo ya sehemu tatu: kishikio, waya au kabureta. Gharama za kuzitengeneza hutofautiana sana. Mtumiaji asiyejua ni ipi yenye tatizo anaweza kuuziwa kabureta nzima, ilhali kilichohitajika ni kusafisha kishikio au kubadili waya.

Uchunguzi wa awali

Injini ikiwa imezimwa, zungusha eksileta hadi mwisho kisha uiachie. Inapaswa kurudi mara moja bila kusaidiwa. Rudia jaribio hilo usukani ukiwa umenyooka, umekatwa kushoto kabisa, kisha kulia kabisa. Iwapo ugumu hujitokeza usukani unapokatwa tu, yamkini waya umepitishwa vibaya, au umebanwa na tangi, taa au vifungo.

Kisha washa injini, pikipiki ikiwa imesimama na haijaingizwa gia, ukate usukani taratibu pande zote mbili. Mlio ukipanda ilhali eksileta haijaguswa, waya unavutwa na usukani: ama umepitishwa vibaya, ama umekazwa mno. Kwa pikipiki nyingi, kishikio huzunguka milimita 2 hadi 6 kabla ya kuanza kuvuta waya. Kipimo halisi kimo katika kitabu cha maelekezo.

Kutenganisha sehemu

Zima injini, kisha ufungue waya upande wa kishikio. Kishikio kikiendelea kuwa kigumu, tatizo ni lake: huenda kuna vumbi na grisi kavu ndani, au mpira wake umesogea na kusugua sehemu ya jirani. Kisafishe, ukirekebishe mpira, na upake grisi kidogo tu.

Kishikio kikiwa chepesi, fungua waya upande wa kabureta pia, uuvute kwa mkono huku na huku. Ukikwama, chunguza ncha zake. Waya wenye nyuzi zilizoanza kukatika, au ala iliyokunjika au kupata kutu, hubadilishwa. Kuutia mafuta ni kuahirisha hatari. Waya mzima uliochafuka tu husafishwa kwa mafuta mepesi ya kulainishia hadi yatoke safi upande wa pili, isipokuwa pale mtengenezaji anapokataza.

Kishikio na waya vyote vikiwa vyepesi, ndipo kabureta ichunguzwe na fundi. Pistoni huenda imechafuka au kulika, au springi imechoka.

Ikikwama njiani

Bana klachi, zima injini kwa swichi iliyo kwenye usukani, funga breki kwa utulivu na usogee kando ya barabara.

Haki zako kwa fundi na muuza vipuri

Mwombe fundi akuonyeshe sehemu iliyoharibika kabla ya kukubali gharama, na akurudishie kipuri cha zamani. Hakikisha waya mpya ni wa aina ya pikipiki yako na una urefu uleule wa awali. Dai risiti inayotaja kipuri kilichonunuliwa, na uitunze. Baada ya matengenezo, rudia uchunguzi wa awali mbele ya fundi kabla ya kulipa.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji. Ukiuziwa kipuri bandia au ukilipishwa kwa kazi isiyofanyika, anza kwa kumdai muuzaji au fundi mwenyewe. Usiporidhika, wasilisha malalamiko yako Tume ya Ushindani, ukiambatisha risiti na ukionyesha kipuri chenyewe.