Mti Uliokuwa kwenye Mstari wa Bing

Paukwa! Pakawa! Wajukuu wangu, leo sina sungura wala fisi. Nina mti, na yote nitakayowasimulia yalitokea kweli.

Mti wenyewe ni mcheri, ule unaozaa cheri tamu: tunda dogo kama zambarau, jekundu la kukoza, lenye kokwa moja katikati.

Mwaka 1847, huko Marekani, mkulima Henderson Luelling alifunga safari na familia yake kutoka Iowa kwenda Oregon, upande wa magharibi. Walisafiri kwa magari ya kukokotwa na maksai, miezi na miezi. Gari moja alilijaza udongo na mkaa, akapanda humo miche ya matunda ipatayo 700. Wenzake walimsihi aiache njiani, maana mzigo ulikuwa mzito na maksai wamechoka. Hakukubali. Kila siku aliimwagilia maji, na karibu nusu yake ikafika hai. Aliipanda Milwaukie, karibu na mto Willamette. Mdogo wake, Seth Lewelling, alimfuata mwaka 1850, na baadaye shamba likawa mikononi mwake.

Msimamizi wa vibarua wa Seth alikuwa Ah Bing, mtu mrefu kutoka kaskazini mwa China. Mwaka 1875 hivi walikuwa wakitunza miche mipya ya cheri, na mistari wamegawana: huu wa Seth, huu wa Bing. Inasimuliwa kwamba mti ulioishinda yote kwa uzuri ulionekana kwenye mstari wa Bing. Cheri zake zilikuwa kubwa, ngumu kiasi, tamu ajabu. Mtu mmoja akamwambia Seth aupe mti jina lake mwenyewe. Seth akasema hapana: umeota kwenye mstari wa Bing, basi utaitwa Bing.

Sasa mtaniuliza: mti mmoja uliwezaje kuenea duniani? Si kwa mbegu. Panda kokwa ya Bing, utapata mcheri, lakini matunda yake hayatakuwa ya Bing. Dawa ni kubebesha, kama wakulima wetu wanavyobebesha miembe. Unakata kijiti cha Bing, unakiunga juu ya shina changa la mcheri mwingine lenye mizizi yake, unafunga vizuri, na viwili vinashikana. Kwa hiyo kila mti wa Bing ulio hai leo ni tawi la mti ule ule wa Milwaukie.

Anayetaka kuupanda uani kwake huko Oregon hupanda wakati wa baridi, mti ukiwa umelala bila majani. Huchagua mahali penye jua la kutosha, kisha huchimba shimo na kulijaza maji. Yakituama muda mrefu, hahangaiki napo tena, kwa kuwa mizizi ya mcheri huoza upesi kwenye matope. Akipanda, pale palipoungwa hupaacha juu ya udongo, la sivyo kile kijiti nacho kitatoa mizizi yake.

Mcheri unataka baridi. Aina nyingi huhitaji saa 700 hadi 1,000 za baridi isiyozidi nyuzi 7 hivi, ndipo macho yake yaamke pamoja na kutoa maua meupe. Ndiyo sababu hatuuoni Tanga wala Lamu: pwani yetu haina majira ya kuulaza. Lakini jalidi ikianguka maua yakishachanua, mavuno ya mwaka huo yamekwenda.

Tena Bing hauzai peke yake. Nyuki lazima auletee chavua ya mcheri wa aina nyingine, na si aina yoyote tu. Lambert na Royal Ann haziufai, Van inaufaa. Stella nayo inaufaa, na hiyo, iliyotoka Kanada mwaka 1968, hujichavusha yenyewe. Kwa hiyo mwenye uwanja mdogo hupanda Stella mmoja akatosheka; anayetaka Bing hupanda miwili, au humwangalia jirani ana nini.

Kisha kuna kungoja. Miaka minne, mitano, pengine saba, kutegemea shina lililobebeshwa. Matawi hupunguzwa kiangazi, siku kavu, kwa sababu unyevu huingiza ugonjwa kwenye vidonda. Matunda yakianza kuwa mekundu, ndege nao wameshayaona, hivyo mti hufunikwa wavu. Mvua ikinyesha karibu na mavuno, tunda hufyonza maji hadi ngozi ikapasuka. Na msichume mapema mkidhani litaivia kikapuni. Cheri haiongezi utamu ikishachumwa. Onjeni kwanza, kisha chumeni pamoja na kikonyo chake.

Mnaona kazi ilivyo? Kazi hiyo ndiyo aliyoifanya Bing, mstari kwa mstari. Lakini sheria ya mwaka 1882 iliwazuia vibarua wa Kichina kuingia Marekani, na mwaka 1888 ikakazwa: hata aliyeishi huko miaka mingi, akitoka, harudi. Mwaka 1889 hivi Bing alikwenda kwao kuwaona jamaa zake. Hakurudi tena Oregon. Mti wake ulibaki, ukabebeshwa na kubebeshwa, ukawa cheri inayojulikana kuliko nyingi nchini humo.

Seth alikuwa na shamba na angeweza kujitwalia jina. Alifanya haki kwa kumpa aliyeshika jembe. Nanyi mkipanda mti wowote, mwembe au mchungwa, wafundisheni wadogo zenu jina la aliyeumwagilia maji. Mtu anaweza kufungiwa mlango wa nchi, na jasho lake likaendelea kulisha watoto wa wale waliomfungia. Jambo dogo tunaloweza kumlipa ni kulitaja jina lake kwa heshima.