Unga wa Ubuyu na Faida Yake Wakati wa Kiangazi

Mibuyu iko mingi katika nchi kavu za Dodoma, Kitui na Makueni, na pwani tangu Kilifi hata Kilwa. Kwa kuwa mingi haikupandwa na mtu, wakulima wengi hawaihesabu kuwa mali ya shamba, na matunda yake huachiwa watoto na nyani. Yafaa mkulima ajue kilichomo ndani ya buyu, maana huiva wakati wa kiangazi, siku ambazo mboga za majani zimekauka.

Buyu hukauka lenyewe likiwa bado mtini. Ndani yake mna mbegu zilizovikwa unga mweupe wenye ukali. Gramu 100 za unga huo zina vitamini C baina ya miligramu 150 na 500, kwa kadiri ya mti na mahali. Chungwa, kwa uzito uo huo, lina 50 hivi. Wauzaji hupenda sana kutaja hesabu hiyo, nayo ni kweli, lakini ni nani alaye gramu 100 za ubuyu kwa siku? Tupime kwa kijiko. Vijiko viwili vya mezani, yaani gramu 20 hivi, vyampa mtu miligramu 30 au zaidi. Mtoto mdogo ahitaji kama 30 kwa siku, mtu mzima 45. Akosaye vitamini hiyo kwa muda mrefu huvimba fizi na kutoka damu. Ndiyo maradhi ya kiseyeye.

Faida ya pili haionekani kwa macho, nayo twaiona kuwa kubwa zaidi. Uwele na mtama vina madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Lakini katika nafaka chuma hicho kimefungwa, na kilicho kingi hupita tumboni bure. Vitamini C hukifungua. Kwa hiyo mama mwenye mimba anywaye uji wa uwele uliotiwa ubuyu hupata chuma zaidi kuliko anywaye uji mtupu. Sharti viliwe katika mlo mmoja: ubuyu wa asubuhi hausaidii ugali wa jioni.

Lakini moto huiharibu vitamini C. Wako wapishi wauchemshao ubuyu pamoja na uji kwa ajili ya usafi. Nia yao ni njema, ila yapasa kuchemsha maji, si ubuyu. Maji yakiisha kuchemka na kupoa, loweka ubuyu, vuruga mpaka unga utoke katika mbegu, kisha chuja. Uji uepuliwe, upoe hata uweze kunyweka, ndipo utiwe. Na ule ubuyu mwekundu wa madukani, uliopikwa kwa sukari na rangi, uhesabiwe kuwa peremende tu.

Unga una chokaa pia, madini ya mifupa, kama miligramu 300 katika gramu 100. Vijiko vyetu viwili vyaleta 60 tu. Mwenye kutaka chokaa nyingi atazame majani machanga ya mbuyu, yapikwayo kama mlenda. Yakikaushwa, yaanikwe kivulini, kwa kuwa jua kali hupunguza vitamini A. Vilevile unga hauwezi kushika mahali pa maharage au kunde, kwani protini yake ni kidogo. Iliyo nyingi imo katika mbegu, nazo zikaangwe kabla ya kutwangwa. Mbichi huzuia chakula kusagika tumboni.

Mabuyu huhifadhiwa vizuri yakiwa mazima, juu ya uchaga, mahali pakavu. Likipasuka ganda, unyevu huingia, unga hugeuka rangi na wadudu hufuata. Basi pasua yale ya kutumika juma hilo tu.

Tangu mwaka 2008, Umoja wa Ulaya uliporuhusu unga huu kuuzwa huko kama chakula, ubuyu umepata wanunuzi wa mbali, na si ajabu mtu kuuza wote akanunua soda. Kabla ya kuuza, fanya hesabu ya nyumba yako. Watu sita, kila mmoja vijiko viwili kwa siku, kwa siku 90 za kiangazi, wahitaji kilo 11 hivi za unga mtupu, bila mbegu. Hizo zitengwe kwanza.