Mwachie Mausi Yake

Nilipoanza kufundisha kompyuta maofisini nilikuwa na kosa moja baya: mkono mwepesi. Mhasibu mmoja wa makamo, aliyeshika leja zaidi ya miaka ishirini, alikwama kwenye jedwali la Excel. "Mama, mbona rahisi tu," nikamwambia, nikachukua mausi, nikabofya hapa na pale, jumla ikatokea. "Umeona?" "Nimeona, mwanangu." Hakuwa ameona kitu, alinisitiri tu. Kesho yake nikakuta kaunta buku lake lina maelezo kwa kalamu nyekundu: kitufe cha tatu kutoka kushoto. Programu iliposasishwa vitufe vikahama, na somo langu lote likahama navyo.

Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka huohuo, Mmarekani Malcolm Knowles alichapisha kitabu chake kuhusu namna ya kuwafundisha watu wazima. Hoja zake mbili zinanitosha: mtu mzima hujifunza kwa sababu ya tatizo lililo mezani leo, na haji darasani mikono mitupu, huja na uzoefu wake. Hiyo ya pili ndiyo sisi wakufunzi wa kompyuta tunaisahau upesi.

Yule mama, kwa mfano, alikuwa na tabia ya kujumlisha upya kwa kalkuleta kila safu ambayo kompyuta imeshaijumlisha. Vijana wa ofisini wakawa wanamcheka. Siku moja hesabu mbili zikakataana. Tukapekua mstari kwa mstari mpaka tukakuta seli ambayo mtu ameandika herufi O mahali pa sifuri. Kwa macho ni tarakimu kabisa. Kwa Excel ni maandishi, na fomula ya kujumlisha safu huyaruka maandishi kimyakimya, bila kutoa onyo lolote. Kicheko kikaisha. Tangu hapo sianzi tena na "hii ni skrini, hii ni kibodi." Naanza na swali: jumla hii tutaiaminije? Swali hilo mhasibu analijua kuliko mimi.

Semina za siku mbili hotelini sizipendi, ingawa na sambusa zake sina ugomvi. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha kuwa sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea ndani ya siku moja. Sasa mfanyakazi arudi na cheti, akute mfumo wenyewe bado haujafungwa ofisini kwao! Afadhali nusu saa mezani kwake, wiki moja kabla ya kufunga hesabu za mwezi, na nusu saa nyingine wiki inayofuata.

Siku hizi somo langu la kwanza ni kuharibu. Namfungulia mtu nakala ya jedwali lake halisi, namwambia afute safu nzima. Husita. Kidole kinaelea juu ya kibodi, macho yanamtafuta bosi mlangoni. Anafuta. Halafu namwelekeza abonyeze Ctrl na Z kwa pamoja, safu inarudi kama ilivyokuwa. Wengi huguna, kisha hufuta tena, safari hii kwa makusudi. Mimi mikono yangu iko nyuma.