Je, Wajua? Choo Kinachovuja Katika Nchi ya Mvua

Je, wajua kwamba chai ya Rungwe inaweza kukuambia kama choo chako kinavuja? Chemsha chai ya rangi, nzito, iache ipoe, imimine ndani ya tangi la kuflashi, kisha mtu yeyote asikiguse choo kwa nusu saa. Ukirudi ukakuta maji ya kwenye sinki la choo yamebadilika rangi, jua kwamba mpira wa chini ya tangi haukai sawasawa na maji yanapita hata mkiwa mmelala. Kahawa nayo inafaa.

Chukua uvujaji mdogo tu, wa robo lita kila baada ya dakika 5. Kwa siku ni lita 72. Kwa siku 30 ni lita 2,160, yaani uniti mbili na ushei kwenye dira ya maji. Huo ni uvujaji ambao pengine hata sauti hauna.

Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Dodoma haipati hata theluthi ya hiyo. Kwa mtu wa Dodoma, tangi linalochirizika ni jambo la kumwamsha usiku. Huku kwetu milimani chemchemi zimejaa kila bonde, na ni rahisi kuona kwamba maji yanayopotea hayampunguzii mtu kitu. Lakini lita hizo 72 haziishii chooni. Zinakwenda kwenye shimo, shimo lile lile ambalo wakati wa masika tayari linahangaika na maji ya mvua. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hasara kubwa ya choo kinachovuja Rungwe, kubwa kuliko bili.

Na ardhi yenyewe si ya kawaida. Takriban miaka 4,000 iliyopita Mlima Rungwe ulilipuka kwa kishindo na kumwaga mawe mepesi yenye matundu, yale yanayoelea ukiyatia majini. Tabaka la mawe hayo bado limo ardhini. Ni ardhi inayopitisha maji haraka, na ukuta wa shimo usiojengewa, ukilowa mfululizo, hauna nguvu ya kujishikilia. Maji machafu yanayoshuka upesi namna hiyo yanaweza pia kuifikia chemchemi iliyo chini ya mteremko, ambako jirani anachota.

Je, wajua kwa nini tangi lililokuwa kimya mchana kutwa huanza kuchirizika usiku wa manane? Katika miradi ya maji ya mserereko hakuna pampu, mlima ndio unaosukuma. Kila mita 10 za mteremko kutoka kwenye tangi la juu huongeza mgandamizo unaokaribia ule wa hewa yote iliyo juu ya mtu aliyesimama pwani. Nyumba iliyo mita 60 chini ya tangi hupokea mara sita ya hapo. Mchana, watu wakifungua mabomba, mgandamizo hupungua. Usiku kila mtu amefunga, nguvu yote inarudi kwenye bomba, na boya lililochoka linashindwa kuyazuia maji. Yanapanda, yanafurika kwenye lile bomba la wima lililo katikati ya tangi, yanaingia sinkini.

Hapo huhitaji fundi bomba bado. Fungua mfuniko wa tangi, uuweke chini mahali salama kwa sababu ukivunjika ni nadra kupata unaolingana nao. Inua boya kwa mkono. Maji yakikata, boya limekaa juu mno: lishushe kwa skrubu yake, au kwa kukunja kidogo mkono wake kama ni wa chuma, mpaka maji yasimame sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba la kufurikia. Maji yasipokata hata ukiwa umeliinua, kosa liko kwenye koki ya boya yenyewe. Ama washa yake imeliwa, ama imekwama chembe ya mchanga. Baada ya mvua kubwa kutibua maji, mimi ningeanza na mchanga. Funga koki ndogo ya ukutani, fungua kifuniko cha juu cha koki ya boya, toa washa uisafishe. Kisha funika tundu kwa kikombe kilichoinamishwa, ufungue koki ya ukutani kwa muda mfupi tu ili maji yenyewe yautoe mchanga. Bila kikombe utaloa wewe na dari. Washa ikiwa imechimbika, ipeleke dukani ukanunue inayolingana nayo, maana kwa kukisia utarudi mara mbili.

Mpira wa chini nao una adui yake, naye ni jiki. Wako wanaoitia ndani ya tangi wakidhani wanasafisha, kumbe klorini inaukausha na kuupinda mpira. Jiki ikae sinkini.

Je, wajua kwamba kinachozuia harufu chooni ni maji ya kina cha sentimita 5 hivi tu? Mwaka 1775, fundi saa wa Kiskoti aliyefanya kazi London, Alexander Cumming, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopinda. Maji yanayobaki kwenye pindo hilo huziba njia ya hewa chafu. Kama umefunga nyumba kwa miezi na kurudi ukakuta inanuka, huenda hakuna kilichoharibika: maji ya pindo yamekauka. Mimina ndoo moja.

Ndoo hiyo ina namna yake. Mimina lita 5 au 6 kutoka usawa wa kiuno, zote kwa mkupuo, na choo kitasafika kama kilichoflashiwa. Ukimimina taratibu, maji hayo hayo yatapita pembeni na uchafu utabaki, kwa sababu kinachosukuma ni kasi. Choo kikiziba, sabuni ya maji na maji ya moto ya kuoga husaidia. Ya kuchemka hapana. Asubuhi za Juni na Julai kauri huwa imepoa sana, na joto la ghafla huweza kuipasua. Lakini kama choo kinagugumia na bafu nalo halishushi maji, acha kuhangaika na sinki, nenda kafunue chemba. Mara nyingine utakuta mchirizi wa bati la nyumba umeelekezwa huko huko.

Je, wajua kwamba shimo lenye maji ni kitalu cha mbu? Makunduchi, Zanzibar, kuanzia 1988, watafiti walimwaga kwenye mashimo ya vyoo yenye maji chembe nyeupe za plastiki nyepesi, aina ile inayofungashiwa televisheni. Ziliunda tandiko juu ya maji, viluwiluwi wakakosa pa kuvutia hewa. Pamoja na dawa walizopewa wanakijiji, maambukizi ya matende yakashuka sana. Shimo kavu halihitaji tandiko hilo, na kuziba uvujaji ni hatua ya kwanza ya kulikausha.

Wazazi wetu hawakungoja fundi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, na baada ya kusikiliza walishika majembe wakachimba vyoo vyao.

Yako hata hivyo mambo mawili ambayo bidii haitoshi. La kwanza ni kuchanganya jiki na asidi ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ile iliyotumiwa kuua askari vitani huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, na chooni hakuna pa kuikimbilia hewa. Tumia kimoja, suuza kwa maji mengi, ndipo ufikirie kingine siku nyingine.

La pili ni kuingia shimoni. Humo huwa na salfidi ya hidrojeni, inayonuka kama yai viza ikiwa kidogo, lakini ikizidi huua kwanza uwezo wa pua kunusa, hivyo mtu hudhani hewa imesafika. Kazi ya shimo ni ya gari la kunyonya majitaka na watu wenye vifaa. Na mtu akianguka humo, usimfuate: wengi wanaokufa kwenye mashimo ni wa pili na wa tatu, walioshuka kumwokoa wa kwanza. Piga kelele, ita zimamoto 114, na kama alikuwa amefungwa kamba, mvuteni kwa juu.