Leza iko Dar, jua liko Mchinga

Mnada wa ufuta wa chama kikuu cha ushirika cha Lindi Mwambao ukishapita na fedha za wakulima zikaingia benki, biashara mbili za uso huanza kuiwinda shilingi ileile. Ya kwanza ni duka la vipodozi la jirani, lenye krimu, losheni na sabuni za kila rangi. Ya pili iko zaidi ya kilomita 400 kaskazini, kwenye kliniki za ngozi za Dar es Salaam zinazotangaza mitandaoni kuwa leza itapunguza matundu ya usoni. Tangazo halilipi nauli. Linafika hapa Mchinga, pwani ya Lindi, siku ileile linapofika Masaki ya Dar.

Kinachouzwa ni kitu halisi, ila kina mipaka. Vitundu vya ngozi havina misuli ya kuvifungua wala kuvifunga. Hutanuka kwa wingi wa mafuta, kwa makovu ya chunusi, na kwa jua linalolegeza kolajeni inayoshikilia kingo zake. Mwaka 2004 Dieter Manstein, Rox Anderson na wenzao wa Boston walieleza njia ya kupiga ngozi kwa nukta ndogondogo za joto, huku ngozi ya katikati yake ikiachwa bila kuguswa ili jeraha lipone haraka. Inapopona hujenga kolajeni mpya, kingo zinakaza, na kitundu kinaonekana kidogo. Hakiondoki. Mteja huambiwa arudi mara tatu hadi tano, kila baada ya wiki nne au zaidi.

Kwa mwenye kliniki, hesabu inaanzia kwenye mashine. Zile za kampuni kubwa za Marekani na Ulaya huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Za China zinapatikana kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Mashine ikilala bila mteja, mtaji umelala nayo. Ndiyo maana ofa nyingi ni za vikao kadhaa kwa malipo ya mkupuo, na hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia, kwa sababu ngozi nyeusi haiendi kwa mkupuo. Joto likizidi, melanini huamka na kuacha madoa meusi ya miezi mingi, mabaya kuliko vitundu alivyokuja navyo mteja. Leza ya Nd:YAG, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,064, huipita melanini kwa usalama zaidi. Ile ya kaboni dioksidi, ya nanomita 10,600, inahitaji mkono mwepesi na nguvu ndogo. Fundi asiyejua tofauti hiyo anauza hasara.

Gharama kubwa zaidi haimo kwenye risiti. Baada ya leza uso unatakiwa ukae mbali na jua kwa wiki kadhaa. Sasa mchukue mama anayelima mwani hapa Mchinga. Maji ya bamvua yakitoka, lazima awe shambani, ameinama kati ya vigingi, anafunga vipande vya mwani kwenye kamba. Jua linampiga kutoka juu, na lile linalorudi kutoka majini linampiga tena chini ya kidevu, mahali ambapo kanga aliyojitanda haifiki. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi na haisubiri uso upone. Akikosa mbili tatu, mwani unakatika na kuchukuliwa na maji. Ongeza nauli na malazi ya Dar, tena kwa barabara ambayo mafuriko ya Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, yaliikata Somanga na abiria wakakwama.

Duka la vipodozi nalo lina deni lake katika habari hii. Mkorogo wenye steroidi kama klobetasoli hung'arisha uso kwa wiki chache, kisha ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana na chunusi zinafumka. Aliyeharibiwa na kopo la kwanza ndiye anayeuziwa leza kama tiba, ilhali ngozi ya aina hiyo ndiyo ya hatari zaidi kupigwa leza. Biashara moja inaizalishia nyingine wateja. Tangu Julai 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku, lakini makopo yake bado yanapenya madukani.

Inauma zaidi ukiangalia kinachotoka pwani hii. Mwani wa spinosamu, ambao kilo moja kavu kwa miaka mingi imeuzwa chini ya shilingi 1,000, husafirishwa kwenda kutengenezwa karajinani, ile inayozipa losheni na dawa ya meno uzito wake. Tunauza kiloba, tunanunua kopo. Paje, Unguja, akina mama wameshaonyesha njia nyingine kwa kutengeneza sabuni na mafuta ya mwani. Na Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa katika hospitali ya KCMC mwaka 1992, krimu ya Kilisun ya kukinga jua ilianza kutengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kwa hiyo kukinga ngozi na jua ni ujuzi ambao nchi hii tayari inao. Mwenye mtaji Lindi leo, kabla ya kuagiza leza, angeanza na krimu ya jua ya bei ambayo mkulima wa mwani anaimudu, na mtaalamu wa ngozi anayekuja kwa zamu. Wateja wa hivyo viwili ni wengi kuliko wa leza, na hawahitaji kwenda Dar.

Aliyekwishaamua kwenda na aende, lakini aulize kabla ya kutoa hela: nani atakayeshika mashine, na je, amesajiliwa na Baraza la Madaktari? Leza yenyewe ni ya aina gani, na imewahi kutumika kwenye uso mweusi kama wake? Ataje bila aibu kila krimu aliyopaka mwaka huu, mkorogo ukiwemo. Kisha aombe wajaribu kwanza sehemu ndogo karibu na sikio, arudi nyumbani, asubiri wiki nne, na malipo ya vikao vilivyobaki yabaki mfukoni mwake mpaka siku hiyo.