Mkao wa Macho na Hisi za Mwili katika Tiba ya Kiwewe: Ufafanuzi wa Njia ya Brainspotting

Ikisiri

Makala haya yanafafanua matumizi ya mkao wa macho na utambuzi wa hisi za mwili katika tiba ya kiwewe, kwa kuangazia njia ya Brainspotting iliyoasisiwa na David Grand nchini Marekani mwaka 2003. Yanaeleza chimbuko la njia hiyo, utaratibu wake, nadharia inayoiegemeza na uzito wa ushahidi uliopo. Hoja kuu ni kwamba jicho humsaidia mtabibu kuifikia kumbukumbu iliyofungika, lakini mwili wa mteja ndio unaoonyesha kasi na kikomo cha tiba. Mtabibu anayefuata jicho na kuusahau mwili anaweza kumwongezea mteja maumivu aliyokuja kuyatibu.

1.0 Utangulizi

Kiwewe ni athari inayobaki kwa mtu baada ya kupatwa na tukio linalozidi uwezo wake wa kuhimili, kama vile ajali, ubakaji au vita. Mwaka 1980, hali ya msongo unaofuata kiwewe iliingizwa katika toleo la tatu la mwongozo wa utambuzi wa maradhi ya akili unaotolewa na chama cha madaktari wa taaluma hiyo nchini Marekani. Dalili zake ni pamoja na kumbukumbu zinazojileta zenyewe, ndoto za kutisha, kukwepa chochote kinachokumbusha tukio, na wepesi wa kushtuka.

Tiba nyingi za kisaikolojia humtegemea mteja aweze kusimulia. Hata hivyo, wapo wanaoweza kulisimulia tukio tangu mwanzo hadi mwisho wasipate nafuu, na wapo ambao kila wanapoanza kusimulia ulimi huwa mzito. Katika hali zote mbili, mwili huendelea kusema. Msemaji wa Kiswahili anayesema kwamba mwili ulimsisimka, kifua kilimbana au miguu ilimwishia nguvu, huwa ameeleza hofu yake kwa kutaja mahali inapokaa. Tiba zinazozingatia mwili huanzia hapo.

2.0 Chimbuko la Njia

Matumizi ya macho katika tiba ya kiwewe yalipata umaarufu kupitia kazi ya Francine Shapiro. Mwaka 1987, mwanasaikolojia huyo wa Marekani alibaini kwamba mawazo yaliyomsumbua yalipungua ukali macho yake yalipokuwa yakienda huku na huku. Utafiti wake wa kwanza ulichapishwa mwaka 1989, na njia aliyoiasisi hujulikana kwa kifupi kama EMDR. Katika njia hiyo, mteja huikumbuka sehemu ya tukio huku macho yake yakifuatisha kidole cha mtabibu kinachokwenda kushoto na kulia.

Grand alikuwa mtaalamu wa EMDR. Mwaka 2003 alikuwa akimhudumia mchezaji kijana wa kuteleza kwenye barafu ambaye alishindwa kukamilisha mruko wa mizunguko mitatu. Kidole cha Grand kilipokuwa kikipita polepole mbele yake, macho ya mchezaji yalitikisika kisha yakakwama mahali pamoja. Badala ya kuendelea, Grand alikiacha kidole papo hapo kwa takriban dakika 10, na kumbukumbu nyingi zikaanza kujitokeza. Siku iliyofuata, mchezaji alimpa taarifa kwamba ameukamilisha mruko ule. Kisa hiki kinaeleza wazo lilikotoka. Peke yake, hakithibitishi kwamba njia hiyo inaponya.

3.0 Utaratibu wa Tiba

Tiba huanza kwa mteja kuchagua jambo linalomsumbua na kulipa alama kati ya 0 na 10 kulingana na ukali wake. Upimaji wa namna hii umetokana na kipimo cha Joseph Wolpe cha mwaka 1969. Kisha mteja huulizwa anaihisi wapi mwilini hali hiyo: kooni, kifuani, tumboni au kwingineko. Jibu la swali hili ndilo linaloongoza hatua zinazofuata.

Hatua ya pili ni kutafuta nukta, yaani mahali ambapo jicho likielekezwa, hisia huwa kali zaidi. Mtabibu husogeza kijiti polepole mbele ya mteja, kwanza kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha juu na chini. Nukta hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza huitwa dirisha la nje: mtabibu huangalia ishara zisizotawaliwa na hiari, kama vile kupepesa ghafla, kumeza mate au pumzi kubadilika. Ya pili huitwa dirisha la ndani: mteja mwenyewe husema ni wapi hisi ya mwilini imeongezeka.

Nukta ikishapatikana, mteja hukaza macho hapo na kufuatilia kila kinachojitokeza, iwe picha, wazo au hisi, bila kukilazimisha wala kukizuia. Mtabibu huzungumza kidogo. Grand hulipa uzito mkubwa suala la mtabibu kuwa makini na uhusiano wake na mteja, na wakati huohuo kufuatilia mabadiliko ya mwili wa mteja. Mwishoni, alama ya 0 hadi 10 hupimwa upya.

Ipo pia nukta ya tegemeo. Hii hutafutwa kwa kuanzia sehemu ya mwili iliyo tulivu badala ya ile yenye maumivu. Mteja anayezidiwa hisia kwa urahisi huanzishwa na nukta hiyo, ili awe na mahali pa kurejea.

4.0 Msingi wa Kinadharia

Katika ubongo wa kati kuna sehemu iitwayo kolikulasi ya juu, ambayo hushughulikia taarifa za macho na kuelekeza macho na kichwa kwenye kitu kilichojitokeza. Karibu nayo ipo sehemu ya kijivu inayohusika na miitikio ya kujihami, kama vile kukimbia au kuganda. Corrigan na Grand (2013) walipendekeza kwamba kukaza macho mahali maalumu huenda kunaamsha mfumo huu wa chini, ambao hufanya kazi kabla ya lugha.

Kuhusu hisi za mwili, Charles Sherrington alikwishatofautisha hisi za ndani ya mwili na za nje mwaka 1906. Leo inafahamika kwamba sehemu ya ubongo iitwayo insula hushiriki katika kutambua mapigo ya moyo, pumzi na hali ya tumbo. Kwa hiyo, kumwuliza mteja anahisi nini mwilini ni kumwelekeza kwenye taarifa halisi. Hata hivyo, maelezo yanayounganisha nukta ya jicho na kumbukumbu mahususi ya kiwewe yangali dhana inayosubiri kuthibitishwa.

5.0 Uzito wa Ushahidi

Mwaka 2013, Shirika la Afya Duniani liliitaja EMDR miongoni mwa tiba zinazopendekezwa kwa msongo unaofuata kiwewe, pamoja na tiba ya utambuzi na tabia inayolenga kiwewe. Hata hivyo, mjadala kuhusu mchango wa macho yenyewe haujafungwa. Davidson na Parker (2001), baada ya kulinganisha tafiti mbalimbali, hawakuona kwamba miendo ya macho iliongeza manufaa. Lee na Cuijpers (2013) waliona kwamba iliongeza. Maelezo mojawapo ni kwamba kumbukumbu hupungua ukali pale akili inapolazimika kufanya kazi mbili kwa pamoja.

Brainspotting ina tafiti chache zaidi, na nyingi zina washiriki wachache. Pendekezo lililotolewa kwa EMDR haliwezi kuhamishiwa kwake kwa sababu tu zote mbili zinatumia macho. Jambo hili linamgusa mteja moja kwa moja: anayeahidiwa uponyaji wa haraka huweza kuacha tiba yenye ushahidi mzito zaidi, na asipopona akajilaumu mwenyewe. Uadilifu unadai aelezwe mapema kinachojulikana na kisichojulikana.

6.0 Usalama wa Mteja

Daniel Siegel (1999) alifafanua kiwango cha msisimko ambacho mtu anaweza kukihimili huku akiendelea kufikiri na kuhisi. Juu ya kiwango hicho kuna hofu na taharuki; chini yake kuna ganzi na kujitenga na hali halisi. Taharuki huonekana kwa urahisi. Ganzi ndiyo inayohitaji jicho la mjuzi, kwa kuwa mteja aliyekaza macho na kunyamaza huweza kuwa katikati ya kazi ya uponyaji, au awe ameondoka kabisa kiakili. Kwa nje, hali hizi mbili hufanana.

Kinachozitenganisha ni mwili. Mteja anayeendelea na kazi huweza kusema hisi imehamia wapi, na huhisi nyayo zake sakafuni. Aliyejitenga huchelewa kujibu, au husema hahisi chochote. Hapo mtabibu husitisha kazi ya nukta, humtaka mteja atazame vitu vilivyomo chumbani na kuvitaja, na hurejea kwenye tegemeo.

Aidha, usomaji wa macho huhitaji ujuzi wa mila. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, kijana kuinamisha macho mbele ya mtu mzima ni adabu. Mtabibu asiyelijua hilo huweza kuiona heshima kuwa dalili ya kukwepa. Kijiti kina faida hapa, kwani humpa mteja mahali pa kutazama pasipo kumlazimu kumkazia macho anayemhudumia.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Brainspotting imeunganisha mambo mawili, yaani mkao wa macho na utambuzi wa hisi za mwili, katika utaratibu unaompa nafasi mteja asiyeweza kusimulia. Dai lake kuhusu jicho bado linahitaji tafiti kubwa na zenye ulinganisho. Zoezi la kumwuliza mteja anahisi nini, wapi na kwa kiasi gani lina manufaa hata kwa mtabibu anayefuata njia nyingine, kwa kuwa ndilo linalomwezesha kujua wakati wa kuendelea na wakati wa kusita.